Kuku wa Pili wa Mama Kalunga

Juzi hospitali iliniaga kwa soda, kitenge na hotuba ambazo zingefaa kusomwa kaburini kwangu, maana hakuna aliyekumbuka hata kosa langu moja. Baada ya hotuba, wakunga vijana walinizunguka wakaniomba niwaandikie machache ya kazini. Nimekubali, ila habari za vyeo sitaandika. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa vikakaa ofisini, na mimi nikaendelea kukaa wodini. Nitaanza na miaka ya kujitolea kule ng'ambo ya ziwa, kwa sababu kazi hasa nilijifunzia huko, na kwa sababu kuondoka kwangu kulikuwa kugumu kuliko kufika.

Mwaka 1961 nilikuwa mkunga mchanga hapa Kigoma. Nilikuwa nimeachika, na mtu aliyeachika hujitolea kwa wepesi. Ikaja habari kwamba huko Kongo, katika mji ambao ramani za wakati ule ziliuita Albertville na leo ni Kalemie, wakunga wa Kizungu walikuwa wamefungasha na kwenda kwao, na wanawake wanazaa bila mtu. Chama kimoja cha kujitolea kilitafuta wakunga wanaojua Kiswahili. Bibi yangu mzaa baba alitoka upande ule ule, kama bibi za nusu ya watu wa Ujiji, kwa hiyo nilijiona kama naenda kutembelea ukoo. Nilimwacha binti yangu Zaina kwa mama yangu, akiwa anaanza tu kutamka maneno, nikapanda meli na sanduku la bati na moyo uliojaa sifa za bure.

Materniti, kama walivyoiita wodi ya wazazi, ilikuwa nyumba ndefu ya matofali juu ya mteremko, ziwa linaonekana lote. Mkuu wake alikuwa Papa Kisimba, muuguzi mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea vidonda. Alinipokea vizuri, akanionyesha vitanda, akanionyesha ndoo, halafu akaniambia nisivae aproni kwanza. "Bamama banapenda kukuona," alisema. "Bakikukataa, utarudi na meli ile ile."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kwenye baraza walikuwa wamekaa wanawake wa mtaa wa wafanyakazi wa reli, na mbele yao Mama Kalunga, mjane wa fundi wa garimoshi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyemchagua kuwa msemaji. Alikuwa msemaji tu. Sikuulizwa cheti.

"Uko na batoto?" Mama Kalunga aliuliza.

"Ninaye mmoja, wa kike."

"Ulimuzala weye mwenyewe?"

"Nilimzaa mwenyewe, na alinitesa siku nzima."

Wakatazamana. "Basi kuya," akasema Mama Kalunga, yaani njoo. "Muntu mwenye aliteswa, huyo anajua." Ndiyo mahojiano ya kazi rahisi kuliko yote niliyowahi kufanya, na yalitegemea Zaina peke yake.

Vifaa vyetu mngeviona mngecheka. Kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto kilikuwa kimoja, kimepasuka pembeni, na ilibidi ukigeuze sikio likae upande mzima. Glavu tulizichemsha mpaka zikawa laini kama utando wa maziwa. Mizani ya watoto ilikuwa imeondoka na wenyewe, hivyo Papa Kisimba alikwenda ufukweni akarudi na mizani ya kuning'iniza, ya wauza samaki. Tuliiosha kwa sabuni, kwa dawa, kwa maji ya moto, na bado kila mtoto wa Kalemie wa miaka ile alianza maisha akinukia mgebuka kidogo. Hakuna aliyedhurika. Wengine naona waliipenda harufu hiyo, maana walitulia wakiwekwa humo.

Mizani hiyo ndiyo iliyonipa somo langu la kwanza la mila. Walizaliwa mapacha, ambao kule huitwa mapasa. Mmoja alikuwa mdogo mno, nikampima haraka nimpe joto, yule mnene nikamwacha apimwe baadaye. Mama Kalunga, aliyekuja kumwangalia mzazi kama alivyowaangalia wazazi wote, alinishika mkono, akaniita Mama kwa jina langu mwenyewe, si la mwanangu, kama ilivyo kule.

"Mama Salima, umepima mumoja. Mwengine amekukosea nini?"

Nikamweleza kuwa yule ana afya. Hakusikiliza hata nusu. Akanifundisha, kwa sauti ambayo wodi nzima ilifaidika, kwamba mapasa hawatengwi. Ukimpa huyu maji, mpe na yule, hata kama hana kiu. Ukimsalimia wa kwanza, msalimie wa pili kwa maneno yale yale. Ukimshonea mmoja kofia, shona mbili au usishone. Mmoja akipendelewa, mwenzake ananuna, na mapasa akinuna anarudi alikotoka. Nikampima yule mnene. Mama Kalunga akasimama pale mpaka mshale ulipotulia, ndipo akaniachia mkono.

Sasa niwaambie habari za Feza. Alikuwa mwanafunzi wangu, ingawa tulilingana umri. Alikuwa ameanza kusomea kazi hii kabla Wazungu hawajaondoka, akaachwa katikati. Mwembamba, mkimya, mume wake alifanya kazi kwenye treni ya kwenda Nyunzu na Kabalo. Nilimfundisha kila nilichokijua: kuhesabu uchungu kwa kushika tumbo badala ya kuuliza, kukaa mahali ambapo mzazi akikutazama haoni mlango, kumwacha mtoto anayekuja kwa matako aje mwenyewe. "Usivute," nilimwambia mara nyingi mpaka akaanza kuniambia mimi. Alikuwa na mikono mizuri. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo haikuwa ya mikono. Alikuwa ameolewa miaka kadhaa na hakuwa amezaa.

Kalemie kila mwanamke ni Mama. Hata kitoto cha kike kinachotambaa huitwa mama. Lakini yeye walimwita Feza, kavu hivyo hivyo, kama mtu anavyotaja jina la duka. Mzazi alifika mlangoni, akimkuta Feza peke yake, alirudi nje akakaa kwenye benchi, akakaza miguu, akanisubiri. Mmoja alikaza mpaka akashindwa, akajifungulia kwenye benchi mbele ya wauza mihogo, na bado akamwambia Feza asimguse. Nilimsemesha Mama Kalunga, nikamsihi.

"Mimi sina bubaya naye," alinijibu. "Lakini muntu hajazala, atajua namna gani njia ya kuzala? Na mukono wake ukifunga tumbo la binti yangu?"

Feza alikuwa anakung'uta mashuka hatua chache tu kutoka pale. Alisikia kila neno. Akaendelea kukung'uta.

Muda wangu wa kujitolea ulipokwisha mara ya kwanza, niliomba kuongezewa, kwa sababu hiyo hiyo. Ulipokaribia kwisha mara ya pili, ilikuja salamu kutoka nyumbani, imebebwa na mfanyabiashara wa dagaa wa Ujiji. Mama alisema wote wazima, na Zaina ameota meno yote, na sasa anamwita bibi yake "mama", na mimi ananiita "yule wa Kongo". Yule mfanyabiashara alicheka aliponiambia. Nami nilicheka. Kisha nilikwenda jikoni nyuma, penye sufuria za kuchemshia vifaa, nikalia mpaka kope zikavimba. Siku ile niliamua kurudi, na hapo hapo nikaelewa maana yake. Papa Kisimba alikwisha kunieleza wazi: bila mkunga ambaye wanawake wanamkubali, materniti itafungwa, vitanda vitapelekwa kwenye wodi ya wanaume, na wanawake watarudi kuzaa sakafuni majumbani. Mkunga mwingine wa kujitolea hakuwepo. Alikuwepo Feza tu, na Feza hakukubalika.

Basi nikaanza kufungasha, lakini kwa aibu, kama mtu anayeiba vitu vyake mwenyewe. Leo gauni moja, kesho kiatu. Wanawake waliliona sanduku, wakaanza kuniletea ndakala, wale dagaa wakavu, na maneno matamu ili nikae. Mama Kalunga alikuja na hoja nzito kuliko zote: binti yake Ngoie alikuwa na mimba kubwa, na tumbo lile lilikuwa pana kuliko la kawaida. Nilitega kipembe upande wa kulia, nikasikia moyo. Nikatega kushoto, juu kidogo, nikasikia mwingine, una mwendo wake. Nikampa Feza kipembe bila kusema kitu. Alisikiliza, akanitazama, akainua vidole viwili.

Ngoie alishikwa na uchungu wiki yangu ya mwisho, asubuhi, na adhuhuri akawa tayari, jua limechoma bati mpaka wodi ikawa kama jiko. Mama Kalunga aliingia akamshika binti yake mgongo. Hakuna aliyethubutu kumtoa. Alimwambia Feza ashike taa. Taa, mchana ule, ili mikono yake isipate nafasi ya kushika kitu kingine.

Wa kwanza alikuja kwa kichwa, vizuri, nikampokea mimi. Alikuwa amelegea, rangi ya udongo wa mfinyanzi, bila sauti. Nilikata kitovu, nikamweka kwenye meza ya pembeni, nikavuta ute kwa mpira, nikamsugua mgongo, nikaanza kumpulizia pumzi kidogo kidogo, ile ya mashavu tu, kama mnavyofundishwa. Hapo nyuma yangu nikasikia maji yakimwagika sakafuni, na Ngoie akapiga ukelele. Wa pili hakutaka kungoja.

"Mama Salima, kuya huku!" Mama Kalunga aliita. "Mutoto anatokea! Anatokea na matako!"

Nilikuwa na mdomo juu ya mjukuu wake mwingine. Ningemwacha, angekufa. Niliinua kichwa nikasema, "Feza yuko," nikarudi kupuliza.

"Huyu hapana! Nimesema weye!"

Sikujibu tena. Nilisikia Feza akiweka ile taa chini. Nilimsikia akimwambia Ngoie, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Mama, niangalie miye. Usisukume bado. Sasa." Niligeuka mara moja tu. Mtoto alikuwa nje mpaka kifuani, ananing'inia, na Feza alikuwa ameweka mikono yake pembeni, wazi, hamgusi. Mama Kalunga alikuwa anamfokea avute. "Muvute! Utamuua! Muvute!" Na Feza hakuvuta. Mwili wangu wote ulitaka kukimbilia pale. Nawaambieni wazi, sijawahi kuogopa namna ile, si kabla wala baada. Alingoja mpaka shingo ilipoonekana, akamfunga mtoto kitambaa, akaishika miguu, akamwinua taratibu kuelekea tumbo la mama yake, na kichwa kikatoka.

Huyo alilia kabla hajawekwa chini. Wa kwangu, naona aliona aibu kupitwa na mdogo wake, akakohoa, akakunja uso, akalia naye. Feza alikaa sakafuni penye maji yale yale. Mama Kalunga aliwachukua wajukuu, wa kwanza akamwita Kyungu na wa pili Kabange, kama inavyopasa kwao, akawapima wote wawili mwenyewe kwenye mizani ya samaki. Asante alinipa mimi, Feza hakumpa.

Mapasa wakizaliwa katika ukoo ule, wazazi wao hawaitwi tena majina yao. Wanakuwa Papa Mapasa na Mama Mapasa, na jina hilo hupewa pia mkono uliowapokea. Mwenye jina hilo hupakwa pemba, ule udongo mweupe, hupewa kuku, na hutukanwa. Ndiyo, hutukanwa, kwa nyimbo, mbele za watu, matusi ya viuno na ya chumbani, kwa sababu mapasa hupenda kelele na furaha na huchukia watu wenye nyuso za msibani. Na unayetukanwa ni lazima utukane. Ukinyamaza umewanunia watoto.

Walikuja siku mbili kabla ya meli yangu, ua wa materniti ukajaa wanawake, ngoma, masufuria. Mama Kalunga alikuwa na bakuli la pemba na kuku mmoja jike, mwenye madoa. Alinipaka mashavuni na mikononi, akaniimbia jambo kuhusu makalio yangu na behewa la mizigo ambalo siwezi kuliandika, maana karatasi hii itasomwa na watu wa dini. Wanawake wakanitazama, zamu yangu. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimelelewa na chuo cha Kurani na fimbo ya mama. Nilitafuta tusi kichwani kote, nikapata moja.

"Mama Kalunga," nikasema kwa ukali, "ndakala zako zina mchanga!"

Walianguka. Nasema kweli, wengine walikaa chini kabisa wakishika mbavu. Mama Kalunga alifuta machozi akaniambia kwamba hata watoto wake wadogo wangeona haya kutukana vibaya namna ile, lakini amepokea. Akaninyooshea kuku.

Sikumchukua. Sikuwa nimepanga, ila mikono yangu ilikataa tu. "Kuku mmoja, Mama?" nikauliza.

Hakunielewa. "Unataka ngapi?"

"Watoto ni wangapi?"

Ngoma ilinyamaza. Feza hakuwapo uani. Alikuwa ndani, anachemsha glavu, na mlango aliuegesha. Mama Kalunga alimtazama yule kuku kwa muda mrefu. Hakuna mtu katika mji ule aliyeijua sheria ya mapasa kuliko yeye. Ndiye aliyenikamata mkono kwa sababu ya mizani, ndiye aliyewasuta wanawake waliosalimia mtoto mmoja wakasahau mwingine. Sasa mkono uliompokea Kyungu umepakwa pemba, na mkono uliompokea Kabange uko jikoni. Kila mwanamke pale aliliona hilo. Ngoie ndiye aliyesema, amekaa kwenye mkeka na watoto wote wawili kifuani.

"Mama, Kabange atanuna."

Mama Kalunga alipumua kwa nguvu. Alimkabidhi mwenzake kuku yule, akatoka uani, akateremka mtaani, sote tukangoja kama mahakamani. Alirudi na kuku mwingine, jike, mwenye madoa. Nadhani alichelewa kwa sababu alitafuta wa madoa. Akausukuma mlango kwa goti.

"Feza! Toka!"

Feza alitoka na mikono inadondosha maji. Mama Kalunga alimpaka mashavu, akampaka mikono, kidole kwa kidole, akichukua muda. Halafu ukafika wakati wa tusi. Kulikuwa na tusi moja tu ambalo mji mzima ulikuwa unamtukana nalo mwanamke yule siku zote bila ngoma wala wimbo, na sote tulilijua. Nilitamani kumziba Mama Kalunga mdomo.

Mama Kalunga aliimba, "Weye Feza, muntu mukondefu sawa fimbo ya kufukuzia mbuzi, bwana wako akikukumbatia anadhani ameshika mupini ya jembe!"

Feza alimtazama. Kisha, huyu mkimya wangu, huyu wa kukung'uta mashuka, alifungua kinywa akamjibu. Alichosema kilianza na kiuno cha Mama Kalunga, kikapita kwenye kitanda cha marehemu fundi wa garimoshi, kikaishia mahali ambapo Papa Kisimba alivua miwani na kuingia ndani. Kelele zilizopigwa pale nadhani zilisikika hata Zongwe, mbali ufukweni. Mama Kalunga alicheka mpaka akamshika Feza mabega ili asianguke.

"Mama Mapasa," alimwambia, akampa kuku. "Na weye Mama Mapasa," akaniambia, akanipa wangu. Kwa maneno yale yale.

Usiku wa kuamkia safari sikufungasha kwa aibu tena, lakini sikuwa na hakika. Kucheza ngoma ni jambo moja, na kupanda kitanda cha kuzalia ni jingine. Niliwaza kwamba nikishaondoka watakumbuka tena kwamba Feza hajazaa.

Asubuhi walinisindikiza bandarini, Feza amebeba kikapu changu chenye kuku, Mama Kalunga anagombana na mpagazi kuhusu sanduku langu. Tulikuwa hatujaanza hata kuagana pale tulipomwona mtu wa reli anakuja mbio kutoka upande wa stesheni, kofia mkononi. Nilimtambua, mkewe alikuwa karibu kuzaa. Bila kufikiri niliweka mkoba chini nikaanza kukunja mikono ya gauni, hata meli ikiniacha. Alifika, akanipita.

"Mama Feza," alisema akihema, "tuende. Bibi yangu ameanza, anasema nikuite weye."

Feza alinitazama, kikapu mkononi. "Nenda," nilimwambia. Alinisukumia kikapu kifuani, kuku akiwa ndani, akageuka, akakimbia kupanda ule mteremko, kitambaa kikamdondoka kichwani naye hakurudi kukiokota. Mama Kalunga alikiokota. Halafu naye akasema samahani Mama Salima, yule mzazi ni jirani, akamfuata, akipiga kelele njia ipishwe. Wengine wakawafuata wao. Mkono ulionipungia nilipopanda ngazi ulikuwa wa mpagazi.

Nilisimama kwenye meli nikiwa nimekunja mikono ya gauni, nikicheka na kulia kwa pamoja, na abiria wakanisogelea kwa huruma. Kigoma, mama yangu alikuwa amekuja na Zaina, aliyejificha nyuma ya kanga yake akinichungulia. Mama aliuliza kama watu wa kule walinisindikiza vizuri mpaka mwisho, baada ya kazi yote ile.

"Hapana, mama," nikamwambia, nikichuchumaa nimfikie binti yangu. "Waliniacha peke yangu bandarini."